Watetezi wa Vitabu Wanaoshinda Kwenye Makaratasi

Ukitaka kujua ni nani hasa anatetea uhuru wa kusoma kule Florida, jimbo la Marekani ambako vitabu vinaondolewa shuleni kwa malalamiko, usimtafute kwenye maandamano. Mtafute kwenye makaratasi. Kuna kundi linaitwa Florida Freedom to Read Project, lililoanzishwa na wazazi wenye watoto shuleni, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuomba nyaraka za umma, wilaya moja ya shule baada ya nyingine. Nani amekilalamikia kitabu gani? Lini? Kimerudi rafuni au bado kimefungiwa mahali? Ni kazi inayochosha hata kuisimulia. Kwangu mimi ndiyo kazi yenye maana kuliko zote wanazofanya watetezi wa vitabu Marekani, na sababu yangu ni jinsi sheria yenyewe ilivyoandikwa.

Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2023, HB 1069, inataka kitabu kinacholalamikiwa kwamba ni cha ponografia au kinaonyesha ngono kiondolewe ndani ya siku 5 za shule, na kikae nje hadi lalamiko liamuliwe. Kinaondoka kwanza, kinasomwa baadaye. Kuna na kifungu kingine ambacho nilikirudia mara kadhaa nikidhani sijakielewa: mzazi ana haki ya kusoma kwa sauti, mbele ya bodi ya shule, sehemu za kitabu anachokipinga, na bodi ikimkatiza kwa sababu ya maudhui yale, wilaya lazima iache kukitumia. Yaani mwenyekiti akiona haya akasema "inatosha, mama", kitabu kimekwenda. Riwaya nzima imehukumiwa kwa aya moja, na waliohukumu huenda hawajui hata inaishaje.

Sasa tazama mizani ilivyokaa. Mzazi anayetaka kitabu kiondolewe, asiporidhika na uamuzi wa bodi, anaweza kuliomba jimbo limteue mtu maalum wa kulisikiliza shauri lake, kwa gharama ya wilaya. Mzazi anayetaka kitabu kibaki hakuwekewa mlango huo. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema wazazi wote wamepewa sauti. Waliopewa ni wa upande mmoja.

Katika hali hiyo, silaha pekee inayobaki kwa mtu wa kawaida ni kumbukumbu za maandishi, na hapo ndipo wajitoleaji hawa wanapong'ara. Shirika la PEN America, linalotetea waandishi na uhuru wa kujieleza, lilihesabu matukio 10,046 ya vitabu kupigwa marufuku katika shule za umma nchini humo kwa mwaka wa masomo 2023–24, Florida ikiongoza kwa zaidi ya 4,500. Takwimu za namna hiyo hazijikusanyi. Mtu lazima aandike barua, asubiri, ajibiwe nusu, aandike tena, kisha alinganishe orodha ya wilaya na kilichosemwa kikaoni. Ni kwa njia hiyohiyo ya kuomba nyaraka gazeti la Washington Post lilipitia malalamiko zaidi ya 1,000 ya mwaka wa masomo 2021–22 kutoka wilaya mbalimbali na kukuta kwamba asilimia 60 yaliletwa na watu 11. Kumi na mmoja! Baada ya kujua hivyo, ni vigumu kuendelea kusema "jamii imechukizwa". Mwaka 2024 bunge la Florida lenyewe liliweka kikomo: asiye na mtoto katika shule za wilaya asilete pingamizi zaidi ya moja kwa mwezi.

Wapo wanaoamini mahakama ndiyo itakayoamua yote. Ni kweli kwamba mwaka 1982, katika kesi ya Pico, wengi wa majaji wa Mahakama Kuu ya Marekani waliwaunga mkono wanafunzi waliopinga vitabu kuondolewa, ila hawakuafikiana juu ya sababu, na pengo hilo limekuja kuwatesa watu. Wasomaji wa maktaba ya umma katika kaunti ya Llano, Texas, walishtaki mwaka 2022 baada ya vitabu 17 kuondolewa. Walishinda mwanzoni. Mei 2025 mahakama ya rufaa, kwa majaji 10 dhidi ya 7, ikasema hawana haki ya kikatiba wanayoweza kuitegemea kupinga uamuzi ule, na Desemba Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza kesi. Texas, Louisiana na Mississippi zote ziko chini ya mahakama hiyo ya rufaa. Kwa msomaji wa huko, kilichobaki ni kuhudhuria vikao na kupiga kura.

Sisemi kila mzazi mwenye wasiwasi ni adui wa vitabu. Kumkataza mwanao kitabu fulani ni haki yako. Ugomvi unaanza pale unapomkataza na mtoto wa jirani. Watetezi wanaowadhihaki wazazi hao kikaoni, wakiwaita mbumbumbu, wanaharibu kazi ya wenzao waliokesha wakisoma faili. Na hizi fulana na mabango ya "nasoma vitabu vilivyopigwa marufuku", sawa, si vibaya, lakini hazimsaidii mtoto ambaye maktaba pekee anayoifikia ni ya shule.

Kinachonitia hofu zaidi ni kitabu ambacho hakikuwahi kulalamikiwa. Mapema mwaka 2023, walimu katika kaunti ya Manatee walifunika rafu za madarasani baada ya kuambiwa kwamba kumpa mwanafunzi kitabu kisichoruhusiwa kunaweza kuwa kosa la jinai. Kosa hilo Florida lina kifungo cha hadi miaka 5. Mkutubi aliyeshuhudia hayo hangoji pingamizi. Anapoagiza vitabu vipya, anaruka jina moja, kisha la pili, na hakuna fomu inayojazwa wala kikao kinachoitwa. Marufuku ya namna hiyo haiingii katika hesabu ya mtu yeyote.

Kama ningekuwa mmoja wa wajitoleaji hao, barua yangu inayofuata isingeuliza vitabu vilivyoondolewa. Ingeomba orodha za manunuzi ya maktaba za shule, za kabla ya 2022 na za sasa, shule kwa shule, halafu ningekaa nizisome mstari kwa mstari nione ni waandishi gani wameacha kununuliwa.