Herufi nzuri mu siti ya biashara: zinaleta wateja ao zinakula tu mega?

Kuko mabishano moja yenye haiishake huku Lubumbashi, kila mara mtu wa biashara anataka kufunguliwa siti ya intaneti. Grafisti, yule anachoraka sura ya siti, anasema bila fonti (aina ya herufi) nzuri, rangi zenye kupangwa na nafasi nyeupe ya kutosha, wateja watakimbia. Mwenye butiki anamujibu kama mteja wake wa Kenya ao wa Katuba (naongea ya komini Kenya, si inchi) anatafuta vitu viwili tu, bei na namba ya WhatsApp, mengine yote ni kumukulia franga. Mie ninaona wote wawili wako na haki, ila kila mtu anaongea ya mteja tofauti. Herufi na mpango wa ukurasa vinalipa pale mteja anaombwa atoe pesa mbele ya kuona kitu, ao mbele ya kukuona weye mwenyewe. Kama anakujua tayari na anapitaka mbele ya mlango yako kila asubui, vinalipa kidogo sana.

Tuanze na grafisti, juu yeye njo anachekwaka sana. Mu 2002 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, waliomba watu zaidi ya 2000 waangalie masiti mbalimbali na waseme wanaaminia gani na juu ya nini, na karibu nusu ya maoni yenye walitoa yaligusia sura: mpangilio, ukubwa wa herufi, rangi. Mbele ya hapo, mu 1995, Wajapani wawili, Kurosu na Kashimura, walichukua mipangilio 26 ya ekrani ya mashine ya kutolea pesa benki wakawaonyesha watu, na ile yenye watu waliona ni mizuri kwa macho njo ile ile walisema itakuwa rahisi kutumia, hata pale urahisi wenyewe haukufwatana sana na uzuri. Macho yanakata kesi mapema, kisha akili inakuja kutafuta sababu.

Sasa peleka hiyo kwa mawakala wa forodha, hawa tunaitaka batransitere. Mtu wa Kolwezi ao wa Ndola anatafuta nani atamutolea kontena Kasumbalesa, kule mpaka na Zambia, hajafika hata siku moja kwa biro yako, hajui kama uko na biro ao unafanyia kazi mu gari, na weye unamuomba akutumie papye zote za mali yake na avansi juu yake. Anafungua siti anakuta fonti tano mu ukurasa moja, kichwa cha njano juu ya nyekundu, sentensi moja imeegemea kushoto ingine iko katikati, na neno la kukaribisha linatembea toka upande huu mpaka ule. Unaweza kuwa mwaminifu kupita batransitere wote wa mpaka, yeye hana namna ya kujua, anarudi nyuma anafungua ya jirani. Hapo mie sibishane na grafisti, alipwe.

Kuko tena utafiti moja ninaupenda juu unapiga pande zote mbili. Mu 2008 Song na Schwarz, wa chuo kikuu cha Michigan, walipatia wanafunzi karatasi ya kueleza mazoezi ya mwili. Maneno yalikuwa sawasawa, ila kwa wamoja yaliandikwa mu Arial, kwa wengine mu fonti ya kuchora sawa ya mkono wa burashi. Wale wa Arial walifikiri mazoezi yatachukua kama dakika 8, wale wa burashi wakasema kama 15, na hawakuwa na hamu ya kuyafanya. Kwa mtu anauza kupitia siti hii ni kitu kikubwa, juu ile sehemu unaeleza "chagua kitu, tuma avansi kwa M-Pesa ao Airtel Money, tutakuletea", kama umeiandika na herufi za kujipindapinda, mteja anaona kazi ni nguvu hata kama ni hatua tatu tu. Lakini watafiti wale wale waliona pia kwamba watu wakisoma namna ya kupika chakula mu fonti ya kusumbua, wanafikiri mupishi lazima akuwe fundi zaidi. Kwa hiyo mama wa gato za harusi, kule mtaa wa Golf ao wa Bel-Air, akiandika majina ya gato zake na herufi za mapambo, hakosee kabisa, anauza ufundi. Anakosea tu kama anaandika na bei hivyo, na siku za kungojea, na namba ya telefone. Inakuwaka hivyo mara mingi, juu ile fonti imemupendeza anaitumia mpaka mu adresi.

Haya, upande wa mwenye butiki. Yeye analia na mega, ile intaneti mteja ananunua ku telefone, na haongope. Kila unene wa fonti, ya kawaida, nzito, ya kulala, ni faili yake ya kushusha, makumi ya kilobaiti; ukiweka familia mbili na unene minne kila moja, unafika mamia ya kilobaiti kwa maandishi yenyewe hayafike ukurasa mbili. Na pale rezo ni ya kuvuta, Chrome na Firefox, programu za kufungulia masiti, zinaweza kuficha maandishi mpaka sekunde 3 zikingojea fonti ifike, kama mwenye kujenga siti hakuziambia zionyeshe kwanza fonti ya telefone. Sekunde 3 za ukurasa mweupe, na mteja amenunua mega za saa moja! Androidi nyingi ziko tayari na Roboto ndani yake, Google iliileta mu 2011, inasomeka vizuri na haikule hata baiti moja ya mteja. Ila tuseme na haki: picha moja ya butiki, ilipigwa na telefone ikawekwa vile vile bila kupunguzwa, inaweza kufika mega 3 ao 4, inapita fonti zote hizo mbali sana. Mtu anakataa fonti juu ya mega na mu ukurasa wake wa kwanza ameweka picha nane za hivyo, huyo hasikilizwe.

Kitu kingine grafisti wetu wanapenda na mie sikipendi ni kijivu. Wanaona masiti ya Ulaya yenye maandishi membamba ya kijivu juu ya nyeupe, wanasema ni ya kisasa. Kanuni za intaneti za kusaidia wenye macho dhaifu zinaomba tofauti ya mwangaza 4,5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na nyuma yake, na kile kijivu wanapenda, chenye mu kodi kinaandikwa #999, kiko karibu 2,8 tu. Mu biro yenye klima, mbele ya ordinatere kubwa, kinaonekana. Toka nacho saa sita mchana inje, telefone iko na batri ya kusaza juu SNEL, kampuni ya umeme, ilikata tangu jana, mwangaza wa ekrani umeshushwa mpaka chini, mteja amesimama anangoja taksibisi, hataona kitu. Weka nyeusi, ao karibu na nyeusi, pikseli 16 kupanda juu, mistari isibanane. Na kuandika ukurasa mzima kwa herufi kubwa tupu, hiyo tumeirithi kwa wachoraji wetu wa ukuta, wale wanachoraka majina ya salo na farmasi na kivuli nyuma ya kila herufi, kazi nzuri kabisa mie ninaipenda, lakini wao wanaandikia mtu yuko mu gari inapita anasoma maneno matatu. Aya ya mistari kumi hivyo inachosha.

Lakini kama unataka kujua wapi pesa inapoteaka kweli, angalia tarakimu. Sisi tumesoma kifaransa, elfu moja mia mbili makumi tano tunaiandika 1.250 ao 1 250. Mteja wa Zambia alisoma kiingereza, kwake nukta ni ya sehemu ndogo, anaona dola moja na senti 25, ao hajue anaona nini. Kama unauzia pande zote mbili za mpaka, ondoa nukta, weka nafasi, na ile nafasi ikuwe ya kutokatika, juu nimeona mu telefone bei inagawanyika, 1 inabakia juu ya mstari, 250 $ inashuka chini, na mtu anasoma dola 250. Halafu fonti nyingi za mapambo, 1 na l na I ni fimbo tatu sawasawa, na 0 na O ni mapacha. Wenye kutengeneza magari walishaliona zamani: namba ya shasi iko na alama 17 na ndani yake haikuweke I, O wala Q, ili zisichanganyikane na 1 na 0. Sasa muuza piesi anaomba mteja aandike namba hiyo mu siti yake, na kile kisanduku cha kuandikia kiko na fonti mtu hawezi kutofautisha 5 na S! Mteja hawezi kujihakikisha, piesi inatoka Dubai, inafika, haiingie. Hapo fonti imekula pesa kupita mega za mwaka mzima. Namba ya telefone pia, +243 kisha makundi ya tatu tatu, na ikuwe ya kubonyeza.

Wengine watasema siti yenyewe ni ya nini, biashara yote iko Facebook na WhatsApp. Ni kweli kwa watu mingi, na huko hauchague fonti, hiyo ni raha yake. Lakini mtu anakimbia siti, kisha anafanyisha afishi, anaingiza bei na namba ndani ya picha, njano juu ya nyekundu, na mteja hawezi kubonyeza namba yenye iko mu picha, lazima aiandike pembeni, na ile picha ikishatumwa mara ingine na ingine herufi ndogo zinakuwa ukungu. Kwa hiyo swali la herufi halikukimbiwe, limehama tu. Wanapenda pia kutaja Craigslist, siti ya matangazo ya kuuza na kununua ya Marekani, ilianza mu 1995 na mpaka leo iko na sura ya maskini na watu wanauza. Sawa, lakini ile ilikuwa na watu mbele ya mashindano kufika. Weye unafika leo, hauna hao watu.

Kwa pesa, mie ningeanza na kupunguza picha, kisha kupanga bei na namba, kisha fonti moja tu na unene wake miwili, ya bure. Google Fonts iko tangu 2010 na haiombe hata franga moja. Fonti za kushusha kwa wizi ziko na ubaya mwingine, mbali na ule wa sheria: nyingi hazina é, è, ç, na mu neno "société" unaona herufi mbili zimeazimwa kwa fonti ingine, zinasimama tofauti na wenzake, na hiyo mteja wa mgodi anaiona mbio. Transitere, hoteli, mwenye kuuzia makampuni, hao ningewaambia walipe grafisti vizuri. Butiki ya mtaa, fonti ya telefone inatosha, akiba iende mu stoki.

Na kama umelipa grafisti, usikubali akuonyeshe kazi ku ordinatere yake na wifi yake. Omba aifungue ku Itel ao Tecno ya bei ya chini, inje mu jua, na mega za kununua, na umupatie mtu mwengine asome bei moja na namba ya telefone kwa sauti. Akishindwa, soldi ya kazi ingojee.