Dola Ikipanda Leo, Bei Hupanda Leo
Kinachonikera si kwamba kadi ya michoro, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha kwenye skrini, huagizwa kwa dola, jambo ambalo kila mtu analielewa, bali ni wepesi wa muuzaji kubandika bei mpya asubuhi ileile sarafu yetu inaposhuka, ilhali boksi lililopo rafuni, tena lenye vumbi, liliingia miezi kadhaa iliyopita kwa kiwango cha zamani. Ukimuuliza, atakujibu kwamba mzigo ujao ataulipia kwa kiwango cha leo, na ushuru wa forodha, unaokokotolewa kwa thamani iliyokwisha kubadilishwa kutoka dola kuwa sarafu yetu, utaongezeka bila asilimia yake kuguswa. Hapo, nakiri, ana hoja. Lakini sarafu ikiimarika, hoja hiyo husahaulika ghafla; sasa atakwambia mzigo huu ulinunuliwa ghali, mteja asubiri uishe kwanza.