Bonyeza F5, Dada

Ofisi nzima inatumia Windows. Mimi peke yangu natumia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na sikuwahi kumwacha mtu asahau jambo hilo.

Folda yetu ya pamoja iko kwenye seva na inaitwa "Ripoti za Mwezi". Siku ya kwanza niliifungua kwa amri moja kwenye skrini nyeusi, wenzangu wakiwa wamenizunguka. Nilipoona macho yamewatoka, nikaongeza na mhadhara: kwamba Samba si ngoma ya Brazili tu, bali ni programu ya kushirikisha mafaili kati ya Linux na Windows aliyoianzisha Andrew Tridgell, na kwamba jina alilipata kwa kusaka kwenye orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B, kutoka SMB, lugha ambayo Windows hutumia kushirikisha mafaili. Hakuna aliyeniuliza.

Nikataka folda ijifungue yenyewe kila nikiwasha kompyuta. Nikaandika mstari wangu kwenye fstab, faili linaloiambia Linux folda zipi izipachike na wapi, nikazima, nikawasha. Kimya. Kimya nikakihesabu kuwa ushindi.

Nikaingia /mnt/ofisi, mahali nilipoagiza folda ya seva ipachikwe. Tupu. Nikajiambia, mwezi mpya huo, wameshasafisha. Nikajaribu kuweka faili, nikakataliwa: huna ruhusa. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza mbona jana ruhusa ilikuwepo. Mimi nikachukua sudo, amri ya kujipa mamlaka ya msimamizi, na chown, ya kubadili mmiliki, nikajimilikisha folda. Faili likaingia kama siagi kwenye mkate wa moto.

Siku nne nzima nikapakia ripoti humo.

"Kaka, sizioni," akasema dada wa uhasibu.

"Bonyeza F5, dada, folda isomwe upya."

Akabonyeza. Kesho yake tena. Siku ya tatu nilikuwa nasikia kitufe chake kikilia kutoka meza ya pili, ta ta ta, kama anapukuchua mahindi. "Hiyo ni Windows yako," nikamwambia kwa huruma. "Ina uzito wa kuelewa."

Ijumaa bosi akaifungua folda ukutani kwa projekta, mbele ya watu wote. Ripoti za kila mtu zipo. Zangu hakuna hata moja. Nikasema zipo, nikageuza laptopu yangu: hizi hapa! Bosi akatazama ukuta, akatazama laptopu, akanitazama mimi.

Nikapiga df, amri inayoonyesha folda iko kwenye diski ipi. Jibu likaja bila aibu: /mnt/ofisi ilikuwa diski yangu mwenyewe. Siku nne nilikuwa najitumia barua na kujipongeza kwa kuipokea.

Kosa lilikuwa nafasi kati ya maneno ya jina "Ripoti za Mwezi". Kwenye fstab nafasi ndiyo inayotenganisha safu, kwa hiyo kompyuta ilisoma kwamba nataka "//seva/Ripoti" ipachikwe mahali paitwapo "za", kwa mfumo wa faili uitwao "Mwezi". Ikaona mwenye kuandika haya hayuko sawa, ikaupuuza mstari mzima. Nilitakiwa kuandika \040 badala ya kila nafasi.

Nikarekebisha, nikapiga mount -a ili kila kilichoandikwa kwenye fstab kipachikwe, nikafungua folda kwa mbwembwe. Ripoti za wenzangu zote zikajitokeza. Zangu zikatoweka, safari hii hata kwenye laptopu yangu.

"Seva imekula kazi yangu!" Nilipiga kelele hadi mlinzi akachungulia mlangoni.

Dada wa uhasibu, ambaye hajawahi kugusa Linux, akauliza taratibu, "Na ukiitoa hiyo folda uliyoiweka?"

Nikapiga umount, amri ya kuibandua. Zikarudi zote. Nilikuwa nimetandika mkeka juu ya karatasi zangu mwenyewe, kisha nikalia kwamba nimeibiwa. Nikazihamishia pembeni, nikaipachika folda upya, nikanakili faili moja moja, bosi akihesabu kwa sauti.

"Dada, sasa unaziona?"

Akavuta kiti, akakaa vizuri, akanyoosha kidole kimoja juu.

"Ngoja kaka. Nibonyeze F5 kwanza."