Zaka ya mpunga na wanaotaka aya na hadithi tu

Katika darsa nyingi za Arusha na Moshi siku hizi, shehe akishatoa hukumu, swali la kwanza kutoka kwa vijana ni moja: dalili iko wapi? Kwao dalili ni aya au hadithi. Ukijibu kwa ijmaa (makubaliano ya wanazuoni) au kiyasi (kulipa jambo jipya hukumu ya lililotajwa kwa kuwa yanafanana sababu), au ukisema ndivyo ilivyo katika madhehebu ya Imamu Shafii, unaonekana umekwepa. Swali lenyewe ni zuri na Mwislamu ana haki ya kuliuliza. Linaloniuma ni picha inayoambatana nalo, kwamba wanaofuata madhehebu wamemweka imamu mahali pa Mtume (s.a.w.).

Mabishano ya kunuti (dua ya kusimama katika sala ya alfajiri) na maulidi tumeyasikia ya kutosha. Tulipime jambo hili kwa mpunga.

Hadithi zinazotaja mazao ya kutolewa zaka kwa majina zinataja ngano, shayiri, tende na zabibu. Mwanazuoni Ibn al-Mundhir amenukuu ijmaa kuwa hivi vinne vina zaka. Sasa tazama mashamba yetu. Ngano na shayiri zinalimwa Magharibi mwa Kilimanjaro, zaidi katika mashamba makubwa. Mkulima mdogo ana mahindi, maharage, ndizi, kahawa, na huku tambarare ya Mabogini na Chekereni ana mpunga. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, hayakujulikana Madina ya wakati wa Mtume. Ukishikilia vilivyotajwa kwa majina tu, huyu mkulima hadaiwi kitu siku ya mavuno.

Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alikwenda na msingi huo hadi mwisho. Alikataa kiyasi kabisa, na akasema zaka ya mazao ni ya ngano, shayiri na tende peke yake. Hata zabibu aliziacha. Namheshimu kwa kutoyumba. Lakini matokeo yake huku kwetu yangekuwa mazito: msimu mzima wa masika, magunia yanashuka barabarani kuelekea sokoni, na masikini wa Pasua mjini Moshi au Ngarenaro mjini Arusha hana haki hata ya debe moja ndani yake. Mara nyingi nimejiuliza kama wanaosema "kiyasi si dalili" wameifuata kauli yao hadi shambani.

Wanazuoni wa Kishafii waliuliza: hivi vilivyotajwa vina sifa gani ya pamoja? Jibu lao ni kwamba ni chakula ambacho watu hukitegemea kuishi, na kinahifadhika ghalani. Penye sifa hiyo, hukumu inafika. Imamu Nawawi wa Shamu, aliyefariki mwaka 1277, anautaja mchele waziwazi katika Minhaj, kitabu chake cha fikihi ya Kishafii, pamoja na dengu na nafaka nyingine za kujikimu. Anakwenda mbali zaidi. Kiwango cha chini cha mazao kinachowajibisha zaka ni wasaki tano (wasaki ni kipimo cha kale cha ujazo), yaani pishi 300, ambazo wengi leo huzikadiria kuwa karibu kilo 650. Lakini kinachohifadhiwa na ganda lake, kama mpunga, kiwango chake ni wasaki kumi, kwa sababu pumba haziliwi. Mtu aliyefikiria pumba alikuwa anamfikiria mkulima.

Kisha maji. Katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari, sahaba Ibn Umar amepokea kuwa kilichonyweshwa na mvua au chemchemi kina sehemu moja ya kumi, na kilichonyweshwa kwa kuteka maji kina nusu ya hiyo. Hadithi ni wazi kabisa, lakini mifereji haikutajwa. Mifongo ya Wachaga, inayotoa maji mtoni na kuyashusha migombani kwa mteremko, tuiweke wapi? Nawawi anasema mifereji ni kama mvua, kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu. Wanazuoni wa Kishafii wakaeleza kuwa gharama ya kuuchimba mfereji ni ya kuistawisha ardhi, haihesabiwi juu ya zao. Na maji yaliyonunuliwa? Hayo ni kama ya kuteka: nusu ya sehemu ya kumi.

Ndipo tunafika kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Tuchukue mkulima aliyevuna gunia 30 za mpunga za kilo 80, jumla kilo 2,400. Kiwango amekipita, hata kile cha wasaki kumi. Kama maji ya mfereji yanahesabiwa kama mvua, anatoa gunia tatu. Kama ada anayolipa ni bei ya maji, anatoa gunia moja na nusu. Je, ile ada ni ya maji yenyewe, au ni mchango wa kuzibua na kukarabati mfereji? Hakuna aya wala hadithi iliyotaja ada ya skimu, na anayekataa kiyasi anapaswa atuambie atalijibu kwa kitu gani. Akijibu, atakuwa amefanya kiyasi bila kukiita jina lake.

Upande wa pili una hoja, na iliyo bora si ile inayopigiwa kelele. Hoja bora ni kwamba kiyasi hakikuhitajika. Qur'ani imesema mtoe katika vizuri mlivyochuma "na katika tulivyokutoleeni katika ardhi" (2:267), na mtoe haki yake "siku ya kuvunwa kwake" (6:141). Mpunga umetoka ardhini, basi umekwisha kuingia. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Kihanafi, aliushika ujumla huu, akawajibisha zaka karibu katika kila kinachooteshwa, kiwe kingi au kichache. Vivyo hivyo, pishi ya zakatul-fitri (zaka ya mwisho wa Ramadhani) tunayoitoa kwa mchele, wakati hadithi ya Ibn Umar imetaja tende na shayiri, wenye hoja hii wanaweza kuitetea kwa neno "chakula" katika hadithi ya sahaba Abu Said. Ni jibu zito.

Na hapa pana jambo linalowasumbua Mashafii wenzangu. Kwa kipimo chao, kahawa na ndizi hazina zaka ya mavuno, kwa kuwa kahawa si chakula cha kujikimu na ndizi haihifadhiki. Mwenye kahawa atadaiwa fedha zake zikifika kiwango na kupitiwa na mwaka, na mfanyabiashara atatoa zaka ya biashara. Lakini mjane wa Kahe mwenye mahindi yaliyofika kiwango anatoa siku ileile ya mavuno, huku mwenye shamba kubwa la kahawa juu mlimani anaweza kulipia ada za watoto na kujenga nyumba kabla mwaka haujatimia. Hapa Abu Hanifa ananivuta, na sioni aibu kusema hivyo. Shafii mwenyewe alikuwa na kauli za Iraki, kisha akabadilisha nyingi alipofika Misri. Na amepokewa akisema hadithi ikithibiti kuwa sahihi ndiyo madhehebu yake. Mtu huyo hakutaka aabudiwe.

Ila angalia nilivyofika hapo: kwa kulinganisha imamu na imamu, kila mmoja na njia yake ya kuisoma aya. Kijana mwenye tafsiri ya hadithi kwenye simu hawezi kuimaliza safari hiyo peke yake usiku mmoja, hata awe na nia safi. "Waulizeni wenye kumbukumbu ikiwa hamjui" (16:43) nayo ni dalili.

Kuhusu ada ya Lower Moshi, mimi naelemea nusu ya sehemu ya kumi pale ambapo asiyelipa hapewi maji, kwa kuwa hapo amenunua hasa. Kama fedha ni ya kukarabati mfereji tu na maji yanapita kwa wote, itabaki sehemu ya kumi kamili. Mashehe wa Moshi wakae na viongozi wa wakulima, wasome utaratibu wa malipo kama ulivyoandikwa, na watangaze hukumu kabla mpunga haujaanza kuvunwa.