Kuamia Ndege Arizona

Mimi ni mtoto wa Ifakara, na kwangu ndege ni adui. Kila mpunga ulipotoa masuke nilishinda juu ya kichanja na kombeo mkononi, nawaamia kwelea kwelea tangu alfajiri hadi jua linazama. Sasa shemeji yangu anayeishi Phoenix, Arizona, aliponiambia kesho tunaamka saa kumi na moja kwenda kuangalia ndege, nikamuuliza, "Wamekula nini?"

"Hawajala kitu, shemeji. Tunawaangalia tu."

Tena kwa kiingilio!

Akanipeleka kwenye bustani ya mimea ya jangwani. Madungusi yanayoitwa sagwaro yamesimama kama nguzo za umeme, mikono juu, utadhani yamekamatwa na polisi. Vigong'ota wameyatoboa mashimo ya kulala. Kuna na kindege cha madoadoa, ndege rasmi wa jimbo tangu 1931, ambaye sauti yake ni ya gari bovu linalokataa kuwaka. Shemeji anaandika yote kwenye daftari. Mimi napiga miayo.

Mara likaja kundi la kasuku wadogo wa kijani, nyuso za waridi. Shemeji akaninong'oneza kwamba asili yao ni Namibia na Angola. Walitoroka vizimbani miaka ya 1980, wakazaana mjini. Watu kimya, kamera juu. Lakini mimi niliona kitu kimoja tu: kundi linatua. Mkono ukaenda kiunoni kutafuta kombeo, mdomo ukafunguka wenyewe:

"Hoyaaaa! Hoyaaaa! Tokaaa!"

Na makofi juu.

Waafrika wenzangu wakatoweka. Bibi mmoja mwenye kamera kubwa kama kinu akanitazama kama niliyecheka msibani. Nikaanza kurudi kinyumenyume, naomba radhi kwa kila hatua, mpaka makalio yakakutana na choya.

Choya ni dungusi ambalo kwa mbali lina manyoya laini, unatamani ulikumbatie. Kumbe ni miiba yenye ndoana, na ukiligusa tu, kipande kizima kinakatika na kuondoka na wewe. Wenyeji husema linaruka. Siku ile aliyeruka ni mimi. Nikajaribu kukitoa kwa mkono, mkono nao ukanasa, nikabaki nimejishika nyuma kama mtoto aliyebanwa na haja.

Shemeji hakushangaa. Akafungua begi, akatoa chanuo. Wazoefu wa jangwa lile hawatembei bila chanuo.

"Inama, shemeji."

Kwetu shemeji akikukuta na taulo tu, mnakwepana wiki nzima. Nikainama mbele ya kamera zote. Akachomeka meno ya chanuo, akavuta kwa nguvu, kipande kikaruka na meno matatu ya chanuo. Pale juu ya choya lilelile, kale kandege ka madoadoa kametua juu ya miiba raha mustarehe, kakaanza kuwasha gari lake bovu.

Jioni dada aliuliza nani kachukua chanuo lake. Mimi na shemeji tukatazama dari kwa makini sana, kama kuna ndege.