Makala ya Lubumbashi: tuanze na waya kabla ya baiskeli

Kila kuisha kwa pori la miombo kunapotajwa hapa Lubumbashi, lawama humwangukia mchoma makala, yaani mkaa wa kupikia. Alfajiri utamwona kwenye barabara ya Kasenga, mifuko imepandana juu ya baiskeli, mwenyewe anasukuma kwa miguu kwa kuwa mzigo haukumwachia pa kuketi. Ni rahisi kumsimamisha na kumtoza. Kwa hiyo wengi wanadai biashara yake ipigwe marufuku.

Wanaodai hivyo hawasemi uongo. Miti mikubwa imezidi kuusogelea upeo wa macho, na anayeitaka sasa huenda makumi ya kilomita. Inapoondoka, uyoga wa tente nao unaondoka, maana unaishi kwa kushikamana na mizizi yake. Finkubala, viwavi tunaowala, pia hawana majani ya kula, na mama aliyezoea kuwauza katika soko la Kenya, komini ya hapa mjini, anakosa biashara ya msimu mzima.

Kinachonisumbua zaidi ni tanuru lenyewe. Kwa tanuru la udongo, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Fikiria mfuko wa kilo 50: nyuma yake kuna kilo 250 za mti, pengine 500, na nyingi zimekwenda na moshi kabla hata chungu hakijatengwa. Na hapo mchomaji amefanya kazi yake vizuri. Amekata kwa shoka, amepanga magogo, ameyafunika kwa nyasi na udongo, kisha analinda usiku na mchana, kwa sababu ufa mmoja ukiingiza hewa, jasho lote linageuka majivu. Anajua kuliko sisi ni mti kiasi gani unapotea. Anachoma kwa sababu mahindi yanangojewa msimu mzima na karo ya mtoto haingoji.

Tena mti wa miombo ukikatwa haufi. Kisiki huchipua, na pori likiachwa miaka 20 au 30 bila jembe wala moto wa kila mwaka, hurudi. Kinacholimaliza ni shamba linalofuata shoka, na moto unaofuata shamba. Marufuku ya makala peke yake haigusi hilo.

Halafu tuulize nani ananunua. Katika komini za Katuba, Kamalondo na Ruashi, hata nyumba yenye umeme ina mbabula, jiko la makala, uani. Sombe, majani ya muhogo, linataka kuchemka muda mrefu na maharagi zaidi. Mama gani ataliweka sombe kwenye resho ya umeme wakati delestaji, ule mgao wa umeme, inaweza kumkuta katikati? Kote nchini Kongo, zaidi ya kaya 9 kati ya 10 zinapikia kuni au makala, na mtu mmoja hivi kati ya watano ndiye mwenye umeme.

Lakini umeme unakuja Katanga, eneo letu la migodi. Waya wa kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ulijengwa kwa ajili ya migodi ukaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukivuka vijiji visivyo na taa. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke pia yalijengwa kwa ajili ya shaba. Mwaka 2024 nchi ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, na kila tani imekula umeme ambao haukufika jikoni.

Wenye migodi wana majibu. Wanalipa ankara zao, na walichangia ukarabati wa bwawa la umeme la Mwadingusha, wakati mitaani watu wanajiunganishia nyaya kwa siri mpaka transfoma zinaungua. Ni kweli, na bila mapato yao hazina ya jimbo ingekauka. Ila shaba haioti tena. Sheria ya madini ya 2018 yenyewe inakiri hivyo, ndiyo maana imetenga asilimia 10 ya mrabaha kwa ajili ya vizazi vijavyo. Basi sisi tunachoma kinachoota ili kuchimba kisichoota, kisha tunamkamata mwenye baiskeli.

Kuna njia mbili ambazo hazingoji sheria mpya. Amri ya 2014 inaruhusu kijiji kupewa msitu wa jamii hadi hekta 50,000. Kijiji chenye hati kinaweza kukata kwa zamu, sehemu hii mwaka huu, ile mwaka kesho, na kuwazuia wenye moto na jembe. Leo mchomaji anakata na kuhama kwa sababu pori ni la serikali, na akiliacha yeye atakuja mwingine. Njia ya pili iko mjini. Mgodi unapoketi na SNEL, shirika la umeme la taifa, kujadili mkataba wa umeme, wabunge wa jimbo wadai iandikwe humo ni megawati ngapi zitabaki kwa komini za Lubumbashi saa za kupika, na nani atalipia transfoma za Katuba.