Walibahatisha, Wakapatia

Usiku mmoja wa Machi 1973, askari wawili wa doria ya mpakani waliegesha gari kando ya barabara kuu kusini mwa San Clemente, California. Kwa kuwa giza lilikuwa totoro, wakawa wanamulika magari kwa taa zao. Moja likapita, wakalifukuza na kulisimamisha kwa sababu moja tu: watu watatu waliokuwemo walionekana wana asili ya Mexico. Na kweli, abiria wawili walikuwa wameingia nchini kinyume cha sheria.

Walibahatisha, wakapatia. Hata hivyo, mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema sura pekee haitoshi, maana raia na wakazi halali wenye sura hiyo ni wengi mno. Ila ikaacha upenyo: sura yaweza kuwa dalili mojawapo.

Upenyo huo una watetezi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Uhalali wa ukaazi hauonekani kwa macho. Askari akinyimwa kila dalili, ataanzia wapi? Septemba 2025 Mahakama hiyo ilisitisha amri ya jaji wa Los Angeles aliyekuwa amezuia watu kusimamishwa kwa kuangalia tu asili yao, Kihispania au lafudhi yao, mahali walipo na kazi wanayofanya. Jaji Brett Kavanaugh wa Mahakama ya Juu aliandika kwamba dalili hizo zikijumlishwa zaweza kutosha, na kwamba aliye halali huachiwa upesi. Mwenzake Sonia Sotomayor alipinga vikali.

Mimi hesabu hiyo hainiingii akilini. Mchukue mwosha magari anayeongea Kihispania: kwenye karatasi ana dalili nne, kumbe ni kibarua mmoja wa Kilatino aliyehesabiwa mara nne.

Marufuku ya maneno matupu nayo haifiki mbali. Sheria ya uhamiaji ya jimbo la Arizona ya 2010 ilikataza kuzingatia rangi, isipokuwa pale katiba inaporuhusu (na upenyo tumeshauona). Kilichobana zaidi kilikuja kaunti ya Maricopa, jimboni humo, baada ya jaji kuamua mwaka 2013 kwamba ofisi ya sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti) Joe Arpaio iliwabagua Walatino: kamera, msimamizi kutoka nje, na kumbukumbu ya kila gari linalosimamishwa. Ni gharama, na makaratasi ni mengi. Lakini anayesimamishwa bure kisha akaachiwa hafiki mahakamani. Asipoandikwa, ni kama hakusimamishwa. Abiria wale wa San Clemente wangekuwa na vibali, gari lingeendelea na safari, na kesi ya 1975 isingekuwepo.